Sikuona

Miskolc, tarehe 3 Machi

Mdogo wangu Ödön,

Zipokee salamu za kaka yako. Natumaini homa imeshuka na vidonda vinakauka, na kwamba wauguzi wa hospitali ya Sátoraljaújhely sasa wanakupa supu, si yale maji ya karoti uliyoyalalamikia. Mimi ni mzima, isipokuwa nyonga, ambayo haina jipya.

Jirani yetu Rozália anakusalimu. Kila asubuhi ninapouzunguka ua kwa mkongojo, yeye hutoa kichwa dirishani na kuniuliza, jengo zima likisikia, "Mzee Kornél, leo umefika wapi? Umeshavuka mpaka?" Juzi nilimjibu kwamba nimefika kwenye kaburi la mumewe, na kwamba marehemu anasema tangu ahamie huko anapata usingizi. Alifunga dirisha kwa kishindo. Jana aliniletea maandazi ya jibini, tukayala pamoja.

Hujawahi kuniuliza ninavyoishi tangu nyonga ivunjike. Mtu aliyezoea kutembea kilomita hamsini kwa siku hafundishiki kukaa. Naamka na miguu inatafuta viatu. Nikiona mstari wa buluu, hata kwenye mfuko wa maziwa, mwili wote unataka kuufuata. Natamani malengelenge. Natamani mkate wa mafuta ya nguruwe na kitunguu, ulioliwa kwa kusimama mvuani, na ile saa ya mwisho ambapo mtu hajui tena kama anatembea au anatembezwa. Tuliianza Njia ya Buluu pamoja, tuivuke nchi nzima kwa miguu tukiufuata mstari huo, kila mmoja na daftari lake la kupigia muhuri wa kila kituo. Zaidi ya kilomita elfu moja nilizimaliza kwa miguu hii. Nilibakiza milima ya Zemplén tu, nikateleza bafuni. Wewe ukaendelea.

Oktoba iliyopita uliniomba nikusubiri katika kijiji cha kabla ya mwisho, unywe chai yangu, kisha umalize safari. Nilipanda mabasi mawili, nikaketi dirishani katika kilabu kinachotazama nguzo ya muhuri. Mwenye kilabu aliniambia kwamba muhuri umeibwa wiki ile, akatania kwamba mwizi lazima ni mke aliyechoka kumsubiri mumewe. Sheria unaijua: pasipo na muhuri, msafiri hutaja shahidi. Ukanitaja mimi, kwa kuwa ulinipungia mkono ukiwa nguzoni, ukaashiria kwamba jua linakuchwa, ukapita bila kunywa chai.

Wakaguzi wa Njia waliniandikia kwa adabu, wakiniuliza kama nilikuona. Nikajibu kwa neno moja: Sikuona. Waliikataa sehemu hiyo, wakakuagiza uitembee upya. Nilikueleza kwamba miwani ilikuwa mfukoni na usingizi ulikuwa umenichukua. Ulinishika bega ukasema, "Basi, Kaka, usijali. Macho yamezeeka, si kosa lako." Nikakuonya usiende kabla ya majira ya kuchipua. Ukacheka, ukasema kwamba mtu wa miaka sitini na tisa hana majira ya kuchipua ya kupoteza. Januari ukaenda.

Bwana misitu aliyekuokota thelujini alinipigia simu. Alisema ulikuwa umekwisha kuupita muhuri mpya uliowekwa badala ya ule ulioibwa, na daftari lilikuwa kwapani, kavu, limefungwa kwa mfuko wa mkate. Ulikuwa huwezi kusema jina lako, lakini ulikuwa unamkazania alitume daftari kwa wakaguzi. Akalituma. Kuhusu vidole vya miguu, daktari alinieleza baadaye: vimekatwa vyote kumi.

Ödön, miwani ilikuwa puani.

Nilikuona tangu ulipotokeza kwenye kona ya kanisa. Nilikuona ukiigusa nguzo kwa viganja viwili, kama mtu anayepokea mtoto. Nilikuona ukilia. Mkono wangu uliinuka ili nikupungie, nikaushusha na kuuweka mezani. Nilifundisha sarufi miaka thelathini na minane. Najua kitenzi kisicho na shamirisho kinavyoweza kumficha mtu. Sikuandika kwamba sikukuona wewe. Niliandika kwamba sikuona, nikaacha wajaze wenyewe. Nilijivunia neno hilo kwa wiki nzima, kama mwanafunzi aliyeiba mtihani.

Sikutaka ufe. Nilitaka ubaki umepungukiwa, kama mimi. Sijamaliza kukiri. Daktari aliponitajia vidole, kabla ya huruma kufika, kilifika kitu kingine: nilihisi njaa. Nilikata simu, nikala sahani mbili za maharage na soseji, mara ya kwanza tangu nyonga ivunjike kuona ladha ya chakula. Huyo ndiye kaka yako. Nimekuandikia ili umjue, si ili umsamehe. Ukimsamehe kwa haraka, kama ulivyosamehe macho yake, nitakudharau.

Wakaguzi nimewaandikia ukweli, ingawa haukuongezei kitu. Muhuri wa Januari umetosha. Beji yako ya kumaliza Njia ilifika hapa nyumbani wiki tatu zilizopita. Ni ndogo kuliko tulivyodhani. Naivaa kotini ninapozunguka ua, na Rozália peke yake ndiye aliyeiona. Hakutania. Aliniambia tu, "Hiyo si yako." Nikamjibu kwamba najua.

Beji hii sitaituma kwa posta, wala sitampa mtu akuletee. Daktari anasema ukipata viatu vya kutengenezwa utajifunza upya kusimama, na kwamba kwa umri wako wengi huishia kitini. Kutoka kitanda chako hadi mlango wetu ni kilomita themanini na kitu. Ukija kwa gari, hutaipata. Ukitembea, hata kama ni kilomita moja kwa wiki, utanikuta nimeivaa, uivue kwa mikono yako, kisha unifanyie utakalo. Nichukie vya kutosha uweze kuinuka. Sina dawa nyingine ya kukupa.

Wasalimie wauguzi, na mgonjwa mwenzako anayekoroma. Kula hata kama hutaki.

Ni mimi, kaka yako,
Kornél