Nyumba Iliyobaki Nyeupe Kwenye Ramani

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini ni wewe uliyekuwa ukisema kwamba mtu anayeingia bila kusalimia ana jambo analificha. Mimi lile langu nimelificha miaka mitatu, na leo nimekuja kulitoa.

Nianzie barazani kwako, bondeni Msimbazi, siku niliyokuja na fulana ya mradi na kitambulisho shingoni. Ulicheka mpaka ukashika nguzo. Ukasema kumbe nilisomeshwa chuo kikuu ili nije kupima ukuta wa shangazi yangu kwa futikamba. Nikakueleza kazi yenyewe: tunapiga picha za bonde lote kutoka angani, tunaingiza kwenye kompyuta miinuko ya ardhi, mto na mitaro, kisha tunapita nyumba kwa nyumba kuuliza maji yaliwahi kufika wapi. Kompyuta inayaunganisha hayo yote na kuchora ramani ya mahali maji yatakapofika mvua kubwa ikirudi. Ukasema kompyuta ingekuja kukuuliza wewe tu, yaishe. Nikakujibu ndiyo maana nimekuja.

Majirani walikuwa wameshanichosha asubuhi ile. Mzee wa nyumba ya kona, ambaye mafuriko yale ya zamani yalimkuta amekaa juu ya bati akisali, aliniambia maji yalimlowesha kandambili tu. Hawakuwa wajinga. Walijua karatasi ikianza kuandikwa bondeni, mwisho wake ni alama nyekundu ukutani na tingatinga mlangoni. Na wewe ulilijua hilo vizuri kuliko wao. Lakini ukuta wako wa sebuleni ulikuwa bado na ule mstari wa tope, juu kuliko kiuno chako, uliokataa kuupaka rangi miaka yote kwa sababu, ulisema, ukuta ukisahau na wenye nyumba watasahau. Ulishika ncha ya futikamba sakafuni, mimi nikasoma juu: mita moja na sentimita thelathini. Nikakuuliza kama kweli niandike.

"Andika, baba. Nitamdanganyaje mtoto wa kaka yangu?"

Mstari ule ulipojichora nilikuwa na miaka minane. Wewe ndiye uliyeyaona maji kwanza, ukagonga dirisha la mama kwa mpini wa fagio, mara tatu, kama mlivyozoea kugongeana kila mto ukichafuka. Mama akanipitisha dirishani, ukanipokea ng'ambo ya uchochoro, maana kwako kulikuwa juu kwa ngazi mbili. Naye akafuata na godoro kichwani. Mkanipandisha juu ya kabati, na kutoka huko nikaona kopo lako la vifungo likipinduka. Vifungo vyote ulivyokuwa ukiuza Kariakoo, vya mashati, vya makoti, vya sare za shule, vikaelea sebuleni. Nikashangilia, nawe ukanitisha kwamba utanishusha nivikusanye kimoja kimoja. Wiki nzima baadaye tulivichota kwenye tope na kuviosha, wewe na mama mkibishana kama wifi na wifi wabishanavyo, na kucheka kama dada na dada. Mafundi cherehani wa Kariakoo walivinunua bila kujua vimetoka wapi.

Sasa ndipo penyewe, shangazi.

Nilipotoka kwako siku ile ya kupima, nilivuka uchochoro kwenda kwa mama. Hakuwepo, alikuwa sokoni. Ukuta wake ulikuwa wa kijani kibichi, umepakwa kila ikikaribia Idi, hauna mstari wowote. Lakini mimi sikuhitaji mstari. Nilijua kwamba kama kwako maji yalifika pale, kwake yalifika juu zaidi. Nikasimama na simu ya mradi mkononi, nikamkumbuka mama akisema kwamba nyumba ile marehemu baba aliijenga tofali kwa tofali, na yeye ataitoka akiwa amebebwa. Nikaandika sentimita thelathini.

Uongo wa majirani haukuwafaa kitu. Picha za angani ziliwaumbua, ardhi yao ilionekana iko chini, na kompyuta ikawafunika kwa rangi nyekundu pamoja nawe. Wangu haukuwa uongo wa mlangoni, ulikuwa uongo wa fundi. Ofisini nikaongeza kimo cha msingi wa nyumba ya mama, na ramani ilipotoka safu yetu yote ya nyumba ilikuwa nyekundu, ila katikati kadoa keupe kamoja. Bosi wangu akakaonyesha kwa kalamu, akauliza vipi hapo. Nikasema wenyewe waliinua msingi. Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea na kata nyingine.

Ungeweza kuniuliza kwa nini sikukufanyia na wewe. Hukuniuliza, nami jibu ninalo na linanichoma. Doa moja bosi angelipitisha. Mawili angekwenda kuangalia. Ilinibidi nichague, nikachagua.

Ramani ilipobandikwa ofisi ya mtaa, ulivaa miwani ukaitafuta nyumba yako. Ukaipata. Kidole chako kikavuka uchochoro, kikatua kwenye doa jeupe, kikakaa hapo. Watu walikuwa wengi, ukavua miwani. Tulipofika nyumbani ndipo uliponivuta barazani.

"Wifi yangu yuko chini yangu kwa ngazi mbili," ulisema. "Tangu lini maji yakapanda ngazi?"

Nilitazama viatu vyangu. Ukanishika bega, ukasema mama yangu asijue kamwe kwamba umeligundua, asije akaona haya mbele yako. Ulidhani ni yeye aliyeniomba. Nami nikakuacha udhani hivyo. Mungu anisamehe, hilo ndilo linaloniamsha.

Siku ya kuhama, mama alikufungia vyombo kwenye khanga huku akilia na kuilaani kompyuta isiyo na huruma. Nilikuwa nimebeba kabati lako, lile lile, na nikashukuru kwamba limenificha uso. Mkaenda wote, safu nzima, akabaki yeye peke yake na vifusi vya nyumba zenu. Majirani walimwambia ana bahati.

Chanika, mlikohamishiwa, hukuizoea. Kufika Kariakoo kulihitaji uondoke kabla ya adhana ya alfajiri, na baada ya miezi michache meza yako ya vifungo ilichukuliwa na mtu mwingine. Nilikuja kukuona mara mbili. Nilileta sukari, nilileta mchele, nikakaa kwenye mkeka na neno langu mdomoni, nikaondoka nalo. Mara ya pili ulikuwa umeshaanza kuumwa, na ulichouliza ni kama mama anapata mtu wa kumgongea dirisha. Nikasema anapata. Hata hapo nikakudanganya. Ya tatu nilikuja kukuzika.

Masika haya maji yalirudi. Yaliingia kwa mama mchana, yakafika kwenye nondo za dirisha. Vijana wa uokoaji walimkuta amesimama juu ya meza. Nilipomfikia alikuwa amejifunga blanketi la watu, na fagio lilikuwa bado mkononi. Akaniambia alilichukua akaelekea dirishani, akafungua, ndipo akakumbuka kwamba ng'ambo hakuna nyumba.

Nikamwambia yote. Msingi, sentimita thelathini, kidole chako kwenye ramani, na kwamba ulikufa ukiamini ni yeye aliyeomba. Nilitegemea anifukuze. Niliona kunifukuza ndiyo haki. Alilikunjua blanketi, akalikunja tena.

"Kwa hiyo tungehama wote," akasema. "Mimi na wifi yangu."

Nikamkumbusha maneno yake kuhusu nyumba ya baba. Akanitazama kama anayemtazama mtoto wa darasa la kwanza, akasema maneno yale mtu huyasema akiwa na jirani.

Ofisini nimerekebisha. Nimemweleza bosi nilichofanya, na sijui kama kazi itabaki. Doa limekwisha, ramani ni nyekundu mpaka mtoni kama ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Mama ameomba kiwanja Chanika. Hakuuliza maji ya bomba wala barabara. Aliuliza kwa miguu ni mwendo gani hadi kaburini kwako, nami sikuitazama kompyuta. Nilikwenda nikatembea mwenyewe. Ni dakika kumi na mbili, shangazi, na mtu wa umri wake labda ishirini.

Atakuja kukueleza kwamba hakuniomba. Mwamini yeye.

Ni mimi, uliyeshindwa kumdanganya,
Mtoto wa kaka yako