Bia Nyeusi ya Erasmo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimerudi Mbinga. Arobaini ya mdogo wangu Erasmo ilikuwa juzi, Kigonsera. Watu wengi, wali ulitosha. Baada ya misa ndugu tulikaa kikao. Baba Mkubwa Raimundi akasema vyombo vya kupikia bia vya marehemu — pipa, masufuria, chupa zote — visibaki kule Mbaha, ziwani, kwa mjane wake Jacqueline. Virudi kwenye ukoo, avichukue Allen, mwana wa Baba Mkubwa mwenyewe, atavifuata tarehe 17. Eti Jacqueline kazi yake ilikuwa kuosha chupa tu. Akauliza nani anapinga. Wote wakanitazama mimi, dada wa tumbo moja. Nikasema sawa. Wifi mwenyewe alikuwa nje na wapishi.

Kabatini zimebaki chupa mbili za bia ya Erasmo. Leo nimefungua moja. Miaka minne alinitumia kwa basi, kisha simu: "Dada, toa alama!" Kwa kuwa mimi ni mwonja kahawa kiwandani. Kazini naonja na kutema. Ya Erasmo nilimeza.

Rangi: nyeusi ti, kama viatu vya paroko siku ya Pasaka. Povu: limekufa kabla sijamaliza ishara ya msalaba. Harufu: ulezi wa kukaanga, kahawa ya kwetu, na kwa mbali soksi za dereva wa bodaboda. Alama: saba.

Nilisema "saba" kwa sauti, peke yangu chumbani. Nikamsikia — wazi kabisa! — "Saba tu, dada? Una roho mbaya wewe." Nikageuka. Kiti tu.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimeharibu kazini. Kikombe cha tatu, kahawa ya Namswea, ikanijia harufu ya koti lake. Lile la mvua, alilovaa siku ya kufa, pikipiki ilipomwangusha mteremkoni akija huku Mbinga. Alikuwa anafuata nini, hakuna aliyejua. Nikameza badala ya kutema. Msimamizi akauliza kama naumwa. Nikasema mafua.

Chupa ya mwisho sijaigusa.

Jumamosi, 14 Juni

Kondakta wa basi la ziwani kanipa mfuko. Ndani chupa moja, hakuna barua. Nikadhani ni mzigo wa zamani wa Erasmo uliosahauliwa. Kisha nikaona kikaratasi shingoni, tarehe ya kupikwa, kama ilivyokuwa siku zote: 12/5.

Erasmo tulimzika tarehe 30 Aprili.

Niliiweka mezani nikatoka mbio kwa jirani yangu Mektilda. Akasema nisiionje, niipeleke kwa padre. Halafu akauliza, padre akiikataa, aje na glasi? Nikacheka. Kicheko kikakatika njiani.

Nimeionja saa tisa mchana, mlango wazi. Ni yake! Mkono uleule, utamu unaochelewa, kahawa inayokuja mwishoni. Ila ule ukakasi niliolalamikia Pasaka haupo. Nani aliujua? Nilimwambia yeye tu, kwa simu.

Alama: tisa. Sikuitamka. Niliogopa atajibu.

Jumatatu, 16 Juni — Mbaha

Nimeomba ruhusa, nimeshuka ziwani. Basi, kisha bodaboda. Harufu niliipata kabla ya kuiona nyumba: ulezi unakaangwa. Nikaingia uani. Nikapiga hodi, na jina lililonitoka ni Erasmo.

Akatoka Jacqueline. Masizi mpaka kwenye nyusi, mwiko mkononi.

"Karibu, wifi. Chupa ilifika?"

Nikamuuliza nani kaipika.

"Mimi. Na zile zote ni mimi. Pombe ya ulezi nilifundishwa na bibi, kahawa nikaongeza mwenyewe. Erasmo alikuwa anachota maji na kupiga simu."

Sikuamini. Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule. Alama zangu zote! Kila nilipopigiwa alikaa kando ya simu, anaandika. *Chungu mno, 5.* Chini yake: punguza kahawa. *Ukakasi, 7, Pasaka.* Chini yake: ulezi usiungue.

Nikauliza kwa nini walinificha.

"Siku ya harusi ulisema sijui hata kupika uji. Mama yangu amekaa pale pale. Erasmo akaniambia, dada akijua ni wewe, atakupa alama mbili." Akageuza ulezi uliokuwa motoni. "Baadaye ikaanza kumuuma. Akasema simu haifai, atakufuata Mbinga akwambie uso kwa uso. Ndiyo safari ile."

Ndiyo safari ile.

Nilikaa chini, kwenye majivu. Kisha nikamwambia habari za kikao. Kwamba nilisema sawa. Hakulia. Aliuliza tu: lini? Nikasema kesho.

Jumanne, 17 Juni

Asubuhi nimempigia Baba Mkubwa. Shikamoo, marahaba. Nimemweleza yote. Akasema kikao kimeshafungwa, mimi mwenyewe niliitikia mbele za watu, na huzuni imenipanda kichwani. Akakata.

Saa sita gari limefika, Allen na Baba Mkubwa mwenyewe. Wameanza na chupa. Jacqueline kasimama mlangoni mwa jiko, daftari kifuani. Pipani kuna bia ya wiki hii, bado inaumuka. Allen akasema imwagwe, pipa lisiwe zito.

Naandika haya nimekaa juu ya mfuniko wa pipa. Sikupanga. Nasikia mapovu yanapanda chini yangu. Namsikiliza na Erasmo — aseme neno, hata la utani. Mapovu tu.

Baba Mkubwa ameniambia nishuke, kwa upole. Mara ya pili kwa jina zima, Emerensiana, kama siku ya kipaimara. Allen ameshika kamba, ananizunguka, hajui aanzie wapi.

Jacqueline ameweka daftari chini. Anakuja. Anapanda.

Pipa hili halitoshi watu wawili. Nimesogea hivyo hivyo.