Kidole Gumba cha Baba

S.L.P. 41,
Lipova, Texas.
14 Juni, 1993

Mpendwa Shangazi Albina,

Habari za Oregon? Goti lako linaendeleaje baada ya upasuaji? Sisi ni wazima, ila Mama ana mafua ya mzio wa majani, anapiga chafya kanisani mpaka padri anamsubiri amalize. Nilihitimu shule tarehe ishirini na tisa Mei. Asante kwa gauni. Lilinikaa vizuri, na sikujikwaa jukwaani.

Nakuandikia habari za Baba, maana najua mwenyewe hatakuambia.

Mwezi wa tatu sherifu mpya, bosi wa polisi wote wa wilaya, aliamuru wabebe bastola mpya za plastiki na mikanda ya nailoni. Atakayeshindwa mtihani wa shabaha ataondolewa doria, akae mezani kupokea simu. Baba amebakiza miaka miwili astaafu. Unamjua kaka yako, Shangazi. Ukimfungia ofisini atanyauka.

Wenzake wanamtania siku zote kwa bastola yake ya zamani. Dennis humwambia, "Mzee Ervin, hiyo bastola ilishuka na Nuhu kwenye safina?" Baba humjibu, "Ndiyo, na yako ulipewa bure uliponunua sabuni ya unga."

Lakini siku ya mtihani hakutania. Bastola yake ya chuma ina kifungio cha usalama pembeni, lazima ukishushe kwa kidole gumba kabla ya kufyatua. Amefanya hivyo miaka ishirini na sita. Bastola mpya haina kifungio hicho, ila kidole chake hakijui. Kila alipoichomoa, kidole kilipapasa hewa na muda ukapita. Alifeli, akapewa nafasi moja tu ya kurudia. Nilimkuta jikoni akifanya mazoezi kwa mwiko, kidole kikishuka vile vile. Aliponiona akajifanya anakoroga supu.

Ile amri Mama aliibandika kwenye friji, nikaisoma yote. Chini kabisa iliandikwa kwamba mtu anaweza kubaki na bastola yake mwenyewe, mradi ikivutwa kwa nyuma isitoke kwenye ala, ule mfuko wake wa kiunoni. Ala ya ngozi aliyoshona Babu imelegea. Kila Jumamosi Baba huipaka mafuta kwa mapenzi yote, na mafuta hayo ndiyo yaliyoilainisha mno.

Basi nikafungua karakana ya Babu, alikonifundisha kushona ngozi. Nilikata ngozi nene, nikailoweka, nikaikandamiza juu ya bastola isiyo na risasi, niliyoifunga nailoni isishike kutu. Ala ya kwanza ilipwaya. Ya pili niliigeuza, ikawa ya mtu wa mkono wa kushoto! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ya tatu ilibana sawasawa. Nikaiwekea ulimi wa ngozi unaoishika bastola kwa juu, na unaofunguka ukisukumwa kwa kidole gumba.

Alhamisi nilikwenda na Baba kwenye mtihani wa kurudia. Unajua nilivyo mbele za watu, nilisimama karibu na mlango. Sherifu akaivuta ile bastola kwa nyuma mara tatu, hadi Baba akayumba. Haikutoka.

"Nani kashona hii?"

Baba akanionyesha. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Wewe binti? Peke yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya, mzee, kapige."

Alipiga risasi hamsini, na arobaini na nane zikaingia katikati. Dennis mwenyewe alimpigia makofi, halafu akaniuliza kama namshonea na yeye. Baba anabaki kwenye doria, Shangazi, na bastola yake kiunoni.

Kwenye gari Baba alishika ufunguo, lakini hakuwasha injini.

"Rosalie," akasema, "nikikushukuru sasa hivi nitalia, na nimevaa sare."

"Basi usiseme kitu, Baba."

Akavua kofia yake, akaiweka magotini pangu, tukaenda nyumbani polepole.

Nisalimie Binamu Denise na mumewe, na umbusu mtoto wao Kayla. Mama anakutumia kolache za plamu, ile mikate yake mitamu, kwa posta. Zikifika zimepondeka, tafadhali usimwambie. Mungu akae nawe nyumbani mwako, akuamshe kila siku na nguvu mpya.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Rosalie Kubala