Jiwe la Gerfast Aliye Hai

Kaka yangu Gerfast,

Salamu nyingi kutoka kwetu Uppland zikufikie huko mashariki, Holmgard. Mguu umeunga? Mama hajambo, ila macho yanafifia. Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Mkeo Torgun anaolewa na Vibjorn siku tutakayoanza kuvuna shayiri. Usimlaumu. Barafu ilipoyeyuka, mabaharia walileta habari kwamba umezama. Alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akaniomba nikuchongee jiwe, kama ilivyo desturi. Nilichonga wiki tano. Unalijua jiwe la kwetu, herufi moja hula asubuhi nzima. Niliandika kwamba Torgun amemsimamishia jiwe hili Gerfast, mumewe, aliyefia mashariki. Chini nikatia jina langu, mara ya kwanza maishani. Watu walitoka mbali kuja kulitazama, nami kichwa kikavimba.

Juzijuzi nilisimama barazani mbele ya watu nikasema u hai. Wakacheka. Vibjorn akanishika bega.

“Sigvid, jiwe umechonga wewe, na jina lako limo. Kama yu hai, tuonyeshe kijiti alichokuchongea barua.”

Torgun hakucheka. Alinitazama tu, akingoja nitoe kitu, nami sikuwa nacho. Nikaenda kulisugua jiwe kwa mchanga siku mbili, vidole vikatoka damu. Hakuna mstari hata mmoja uliofutika.

Kaka, kijiti kilikuwepo. Mchuuzi wa ngozi alikileta siku tatu baada ya jiwe kusimama. Uliandika kwamba umevunjika mguu, uko hai, Torgun akungoje. Niliona aibu. Jiwe langu la kwanza, na ni uongo! Nikachukua kisu. Msonobari ni laini. Kabla sijatulia, maneno yako yalikuwa maranda miguuni pangu. Nilijiambia nitamweleza Torgun kesho. Kesho hiyo imefika leo, na hakuna anayeniamini.

Barua hii nimeichonga kwenye vijiti sita. Hiki cha mwisho, chembamba kuliko vyote, kitazame nchani, alama yako bado ipo. Ndicho kile ulichoniandikia, ila alama tupu bila maneno haimshawishi mtu hapa. Njoo, hata kwa kubebwa. Ukifika nipige, niue ukitaka, lakini fika kabla ya shayiri.

Mama anakusalimu. Hukusalimu kila asubuhi, akilipapasa jiwe.

Ni mimi mdogo wako,
Sigvid