Hisa Zimepanda, Dagaa Wamelowa

Nyasho, Jumatano usiku

Nimemkosea mke wangu, Mama Bhoke. Hela aliyonipa nimjengee chanja ya miti ya kuanikia dagaa juu, mimi nilinunulia hisa kimyakimya. Yeye bado anaanikaga chini kwenye mchanga, kule ufukweni Bukima.

Leo redio imesema soko la hisa limepanda. Nikamngoja na tabasamu, alivyofika tu nikamwambia yote. Nilidhani atapiga vigelegele.

Kumbe mvua imemlowanishia dagaa wote. Akaniangalia, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba Bhoke! Zimepanda mpaka wapi? Zingewapandisha na dagaa wangu kutoka kwenye mchanga, ningezipigia makofi!"

Nikacheka na mimi, ila aibu ilinishika. Dagaa wale wamejaa mchanga, sasa watanunuliwa na wafuga kuku tu, kwa bei ya kutupa. Hisa sio mbaya, labda baadaye zitamsomesha Bhoke. Lakini sisi tunakula kwa dagaa, na mvua ya leo...

Amelala, wala hajanuna. Hiyo ndo inaniuma zaidi.

Kesho nauza baiskeli, ninunue miti na nyavu. Jumamosi, kabla jua halijazama, nitakuwa nimemsimamishia chanja yake kwa mikono yangu.