Breki ya Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi
Nimetoka kupimwa macho. Shule ya udereva imeamua: mwalimu aliyevuka sitini lazima apimwe. Upuuzi mtupu! Daktari mwenyewe mtoto wa juzi, hata ndevu zinamkataa. Kanionyesha picha kwenye kompyuta — soko, njia panda, jiko — inapita kufumba na kufumbua, halafu anauliza pembeni kulikuwa na nini. Pembeni! Nani hutazama pembeni ya jiko?

Eti macho ni mazima, hayana ugonjwa. Ila umri ukienda mtu huchelewa kuinasa picha nzima. Katikati anaona, kando akili inajijazia ilichozoea. "Ni kawaida, mama, usiogope." Nimwogope nani, yeye? Mimi niliyefundisha nusu ya mji huu kushika usukani!

Jumanne, 5 Machi
Mume wangu hana kifua, kamwambia binti yetu. Sasa binti anauliza, kwa sauti ya kubembeleza, kama Alhamisi nitamchukua mjukuu shuleni kama kawaida. Nikamwambia macho yaliyomlea yeye yatamtosha na mwanawe. Mjinga.

Jumatano, 6 Machi
Mwanafunzi wa asubuhi: karani wa benki. Gari limemzimikia mara nne. Nikamwambia, dada, hili si ng'ombe, halitaki mateke.

Tukafika njia panda ya duka la dawa. Naijua kama kiganja changu. Nikasema, "Kweupe, pita." Hakupita! Kakanyaga breki hadi mkanda ukanibana kifua. Nikafungua kinywa nimrarue — baiskeli ikakatiza mbele ya boneti, imetokea kushoto. Mwenyewe kavaa shati jekundu. Jekundu!

Upande wangu nami nina breki, ya mwalimu. Kazi yake kumwokoa mjinga aliye kwenye usukani. Mguu wangu ulikuwa umekaa tu.

"Mwalimu, ulimwona?"

"Nilikuwa nakupima."

Kaamini, zuzu yule. Hata kanishukuru.

Alhamisi, 7 Machi
Pale hapapitagi baiskeli asubuhi. Ndiyo maana. Yeyote angekosea.

Binti kapiga simu: daktari alisemaje? Nikamjibu, kasema macho ni mazima. Si uongo, ndivyo alivyosema!

Niko nje ya geti la shule. Kengele imelia, wanamiminika, sare zote moja, wanazagaa barabarani kama hawana wazazi. Walimu wao wanapiga soga tu. Injini nimeshawasha, sitaki foleni.

"Bibi! Bibi!"

Ni sauti yake. Iko karibu kabisa. Simwoni.