Mpishi wa Meli Hapelekwi Kisiwani

Leo ndiyo umekumbuka kwamba niko hai? Mwaka ule mumeo alipopata kazi ya kupika kwenye meli ya mizigo ulikuwa hukauki mlangoni kwangu. Barua juu ya barua, na nikichelewa kujibu unakuja mwenyewe, unalia mpaka mto wa kiti changu unalowa. Ulipozoea ukanitupa kama mwavuli siku ya jua. Sikununa, mwavuli haununi. Ila mvua imeanza, umenitafuta nyuma ya mlango, basi na mimi nitasema mpaka nichoke.

Nyinyi wasomaji wengine, ipitieni kwanza barua yake kama alivyoileta. Mimi darasa sikuliona, nimesomewa, na niliomba isomwe mara ya pili kwa sababu ya kwanza nilidhani nataniwa.

*

Mpendwa Bibi mshauri, shikamoo, naomba msaada wako na naomba usinigombeze, najua nimepotea lakini kazi na watoto vimenibana, na sasa nina jambo ambalo nikiligusa tu kwa watu wa hapa litamfikia mume wangu kabla sijafunga mdomo. Bibi unakumbuka tulivyofunga ndoa na wiki ileile meli ikamwita, fungate letu lote tulilifanya kwenye foleni ya daktari anayewapima mabaharia, akaniahidi palepale kwenye benchi kwamba siku moja tutakwenda mahali wawili tu, na miaka imepita, watoto wawili wamezaliwa, na kila akirudi likizo yake inaishia kwenye kuziba bomba na kwenda kutoa pole kwa misiba aliyoikosa.

Mimi kazi yangu ni ileile, napiga pasi kwa dobi, na wateja wetu wengine ni watu wa kusafiri, wakirudi kutoka visiwani wanatuletea mashati ya maua na magauni mepesi, na kabla ya kupiga pasi lazima nigeuze mifuko, na mifukoni, Bibi, nakuta mchanga, mweupe kama unga, nikaanza kuuweka kwenye kichupa cha dawa, kidogo kidogo, sasa kinakaribia kujaa na kiko dirishani jikoni kwangu. Halafu kuna Mama Pacha, ninayepiga naye pasi meza moja, yeye alikwenda kisiwani na mumewe na tangu arudi hatuna amani, kila mapumziko ya chai ni picha, hapa tumekaa, hapa tumelala, hapa ananilisha, na akimaliza ananigeukia mbele ya watu, “Na wewe bibi arusi wa simu, wako leo ana chaji?” Watu wanacheka na mimi nacheka, lakini nikifika nyumbani moyo unauma kwa sababu ni kweli, kwenye harusi za watu nakaa peke yangu, kwenye mikutano ya shule nakaa peke yangu, na juzi jirani mpya ameniuliza kwa sauti ya huruma kabisa mume wangu alifariki lini.

Basi mume wangu amerudi mwezi huu, nikasema safari hii liwalo na liwe. Wifi yangu ana rafiki yake wakala wa safari, tukapanga kimyakimya sisi watatu, ndege tatu, tunasinzia kwenye viti vya kiwanja katikati, tunaendelea, halafu kutoka kisiwa kikubwa tunachukua boti mpaka kisiwa kidogo, na chumba chenyewe, Bibi, kiko juu ya bahari, kimejengwa kwenye nguzo, sakafu ina kioo, ukilala unaona samaki wanapita chini ya kitanda. Wiki mbili. Watoto watabaki kwa wifi. Shida ni kwamba mwenyewe hajui. Nilijaribu kumpima tukiwa mezani, nikamwambia, “Mume wangu, ukiambiwa upumzike popote duniani, ungechagua wapi?” Akagonga kiti alichokalia, akasema, “Hapa. Hiki hakiendi popote.” Nikacheka, nikajua utani, mtu gani hapendi likizo, nikaona kumweleza ni kujitafutia mabishano, kwa hiyo nikamwambia tunakwenda kumwona mjomba wangu anaumwa sana. Akakubali palepale, masikini, na ameshanunua blanketi la mgonjwa. Bibi, mjomba ni mzima kabisa, juzi alikuwa juu ya paa anabadilisha bati.

Na kusema kweli safari itamfaa, maana tangu arudi amekuwa mtu wa ajabu. Anaamka kabla ya jua anakaanga mayai ya watu ishirini, tunagawia majirani. Makabati ya jikoni ameyatia vikomeo yasifunguke yenyewe, na hayajawahi kufunguka yenyewe. Tukila anatandika kitambaa kibichi chini ya sahani, eti zisiteleze, meza yangu imeanza kuota ukungu. Akilala anachomeka mto chini ya ukingo wa godoro asianguke, mimi nabanwa ukutani kama kalenda. Na mtoto mdogo ndiye aliyeniaibisha kabisa, siku baba yake alipoingia na mabegi, majirani wamejaa sebuleni, alimtazama, akakimbia chumbani akachukua simu yangu, akainong'oneza, “Baba, kuna mtu amekuja.” Mpaka leo akitaka kuongea na baba yake anaomba simu, na baba yake amekaa palepale.

Sasa ninachoomba ni kitu kidogo tu. Mume wangu anakusoma, hata kule melini nilikuwa namtumia picha ya ukurasa wako wa gazetini anawasomea wenzake jikoni. Naomba umpigie, umsisitizie aende akamwone mgonjwa, maana jana ameanza kusema nitangulie mimi, yeye abaki na watoto. Na unishauri, ukweli nimwambie tukifika kiwanjani, au nisubiri ndege ikisharuka? Ni mimi mjukuu wako, mpiga pasi.

*

Ndege ikisharuka! Yaani umewaza mpaka pale ambapo mtu hawezi tena kuteremka. Mjukuu wangu, kuna watu hutekwa kwa adabu kuliko hivyo.

Tuanze na mjomba. Ameshaarifiwa kwamba yuko mahututi, au atajisomea humu akiwa juu ya paa, aanguke, uwe umesema kweli? Mwanamume wa watu amekuamini mpaka amenunua blanketi. Kuku wako mwenyewe, manati ya nini? Halafu unataka na mimi, kwa meno haya machache yaliyobaki, nishike simu nimuuguze mjomba wako. Sipigi. Uongo wako ulee mwenyewe, mimi nimeshalea wanangu.

Sasa hiyo safari. Nilisomewa ndege tatu, nikavumilia. Nikasomewa boti, nikaomba maji ya kunywa. Nikasomewa chumba juu ya bahari, nikasema simama hapo hapo, rudia. Mtu ametoka majini mwezi huu! Mwaka mzima kitanda chake kilikuwa juu ya maji, samaki chini yake, na kioo hakulipia. Wewe unamfungia mabegi umrudishe kulekule ukamwonyeshe samaki. Ungeolewa na mchoma makaa ungempeleka fungate tanurini? Mmekaa watu wazima watatu, wewe, wifi yako na huyo wakala, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: jamani, huyu bwana anafanya kazi gani?

Na umemwuliza mwenyewe, hapo ndipo uliponichosha. Napokea barua za wanawake ambao waume zao hawasemi wanachotaka hata wakibanwa na mlango. Wako amejibu kwa neno moja, na kiti amekigonga usikosee ni kipi, ukasema utani.

Eti amekuwa mtu wa ajabu. Ajabu iko wapi? Meli ikilala upande, kitambaa kibichi ndicho kinachoshika sahani isiende kwa jirani. Kabati lisilo na komeo hutapika vikombe vyote sakafuni. Ule mto chini ya godoro ndio uliomzuia asiamke amevunjika mbavu. Mikono yake bado haijaambiwa kwamba kazi imekwisha. Mumeo hajafika, mwanangu. Yaliyofika ni mabegi. Na wewe unataka kuyabeba tena!

Hayo yote ningekuchekea yakaisha. Lakini yule mtoto aliponong'ona kwenye simu, niliweka kijiko chini. Umeliandika kama aibu yako, mtoto kakutia doa mbele ya majirani. Aibu gani? Mtoto amesema anachokijua. Baba kwake ni kitu cha mkononi, kinang'aa, kikiisha chaji kinazima. Leo amepata baba mwenye magoti ya kukalia, na likizo ya meli unaijua wewe ilivyo kamba fupi, unakata wiki mbili nzima katikati, unamwachia mtoto shangazi yake na nini? Na simu! Mtampigia kutoka huko kwenye vioo vyenu aongee na baba wa mkononi kama kawaida. Mtarudi mmechoka, mabegi hayajafunguliwa, meli itaita. Akija tena, huyo mtoto atampa mkono kama anavyompa mwalimu mkuu. Jana aliposema utangulie, yeye abaki na watoto, ulisikia mtu anakuharibia mpango. Mimi nimesikia baba anaomba.

Haya, sogea karibu, nimepunguza kufoka. Kupunguza, sikusema nimeacha. Najua ulichobeba. Umezaa mara mbili ukiwa umemshika mumeo kwenye kioo cha simu, ukaamka ukaenda kupiga pasi mashati ya furaha za watu. Kutaka kuonekana na mume wako si upumbavu, na huyo jirani anayekufanya mjane ningependa nimjibu mimi. Lakini Mama Pacha hata ukimletea picha umekaa kwenye mgongo wa nyangumi, atakuuliza mbona hukuvaa kofia. Huyo hashibi. Na kile kichupa, mama, ni takataka za mifuko ya watu, umeziweka dirishani kama dhahabu. Mwaga kwenye chungu cha maua, angalau kiotee kitu chako.

Fanya hivi. Leo hii mkalishe kwenye kiti chake, umwambie yote: mjomba, kisiwa, samaki wa kitandani. Usipambe. Akicheka, shukuru. Akinyamaza, kaa hapo hapo unyamaze naye, usikimbilie vyombo. Jibu hili nimekuletea wewe kwanza, na mhariri nimemwomba alichape wiki ijayo, kwa sababu mumeo ananisoma na sitaki akukute humu kabla hajakusikia kinywani mwako. Blanketi mpelekeeni mjomba na mumwombe radhi, baridi haichagui mgonjwa.

Wakala mwambie safari imeahirishwa. Akinuna mwache anune, hujaolewa naye.

Kisha mtoto. Mumeo achukue simu yake, aingie chumba cha pili, ampigie. Waongee kama walivyozoea, wacheke. Huku anaongea, atembee. Afungue mlango taratibu, aje, aje, mpaka mtoto aone kwamba ile sauti inatoka kwenye ule mdomo. Asimrukie, asimbebe kwa nguvu, apige magoti tu na aendelee kuongea. Mtoto mwenyewe ataiweka simu chini. Asipoiweka leo, wafanye kesho, na kesho kutwa. Hiyo ndiyo safari ndefu ya nyumba yenu mwaka huu, na ndege haihitaji hata moja.

Mtoto akishalikalia lile goti, hapo na wewe upate chako. Wifi aliyekubali kukaa na watoto wiki mbili hawezi kushindwa na Jumamosi moja. Wapeleke, funga mlango, zima simu zote, usipige pasi hata leso. Akiamka kukaanga mayai ya watu ishirini, kaeni mle wawili mpaka mshindwe. Na jioni za kazi aje kukuchukua getini kwa dobi, mtoto mabegani. Usimtambulishe kwa mtu. Sema tu, “Twende, mume wangu,” na upite mbele ya Mama Pacha polepole, kama mtu mwenye viatu vipya.

Kisiwa hakihami. Siku mumeo atakapoiacha meli, akae nchi kavu mpaka aseme mwenyewe kwamba ameyakumbuka maji ya bahari, mabegi yenu nitayafunga mimi.

Na usipotee tena. Mkija kwangu mje wote wanne, yeye akae, nipike mimi, na akigusa sufuria yangu nitampiga na mwiko. Kile kitambaa cha mezani uje nacho, nitakishika kwa mkono wangu. Kikiwa kikavu, nitajua mumeo amefika, mtashinda hapa mpaka mchoke. Kikiwa bado kibichi, nitawafungia chakula mle njiani, mrudi mkakae nyumbani.